Peter Debye, mtu aliyepima umeme uliofichwa ndani ya maji: lithiamu ya Manono inamhusu vipi?

Ankoro, mahali mto Luvua unapoingia katika Lualaba, iko ndani ya wilaya ya Manono, jimbo la Tanganyika. Jina la Manono linatajwa leo pande zote za dunia kwa sababu ya lithiamu, madini yanayotumiwa kutengeneza betri za simu na za magari ya umeme. Makampuni yamegombania haki ya kuyachimba kwa miaka mingi, hadi mbele ya mahakama za usuluhishi za kimataifa. Katika kelele hizo, habari ya elimu inayogeuza jiwe kuwa betri haisikiki sana. Sehemu kubwa ya elimu hiyo inapitia kwa mtu mmoja, Peter Debye, Mholanzi aliyekufa mwaka 1966.

Ndiye aliyeonyesha kwamba molekuli kama ya maji ina upande wa chanya na upande wa hasi, akapata na njia ya kupima jambo hilo bila kuiona molekuli yenyewe. Alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1936. Ndiye pia aliyetia sahihi, miaka miwili baadaye, barua iliyowataka Wayahudi watoke katika chama cha wanafizikia wa Ujerumani. Miaka 40 baada ya kifo chake, chuo kikuu kimoja cha inchi yake kiliondoa jina lake kwenye taasisi, kisha kikalirudisha. Haya ni maisha yake, kazi na lawama pamoja.

Mtoto wa mji wa mtoni

Petrus Josephus Wilhelmus Debije alizaliwa tarehe 24 mwezi wa tatu mwaka 1884 katika Maastricht, mji wa kusini mwa Uholanzi, kando ya mto Maas. Baba yake alikuwa msimamizi wa wafanyakazi katika kazi za chuma. Mama yake alikuwa akishika pesa za tiketi kwenye jumba la michezo ya kuigiza. Nyumbani walisema lugha ya kwao ya Maastricht, na shuleni kulikuwa na lugha nyingine, jambo ambalo watoto wetu wanaotoka kwenye Kiluba na Kiswahili kwenda kwenye Kifaransa wanalijua vizuri.

Kijana alikuwa na akili ya hesabu, lakini pesa za kumtuma mbali hazikuwapo. Mwaka 1901 akavuka mpaka kwenda kusoma Aachen, mji wa Ujerumani ulio kilomita kama 30 tu kutoka kwao. Huko alisomea uinjinia wa umeme, akapata diploma mwaka 1905. Mmoja wa walimu wake, Arnold Sommerfeld, aliona kwamba kijana huyu anafaa zaidi kutafuta sababu za mambo kuliko kutengeneza mashine. Sommerfeld alipoitwa kufundisha Munich mwaka 1906, alimchukua kama msaidizi. Miaka miwili baadaye Debye alikuwa daktari wa fizikia.

Mwaka 1911, akiwa na miaka 27, alipewa kiti cha profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi. Aliyekiacha kiti hicho ni Albert Einstein. Debye hakukaa Zurich muda mrefu. Mwaka 1912 alirudi Uholanzi, katika chuo kikuu cha Utrecht. Lakini mwaka huo mmoja ulimtosha kutoa mawazo mawili makubwa. Moja lilihusu namna vitu vigumu vinavyoshika joto kwenye baridi kali. La pili lilihusu swali la zamani juu ya maji.

Swali ambalo wengine walishindwa

Kila fundi wa redio anaijua kondensateri. Ni vipande viwili vya chuma vinavyowekwa karibu bila kugusana, na kati yao kitu kisichopitisha umeme. Kazi yake ni kuweka chaji, chanya upande mmoja na hasi upande mwingine. Wataalamu wa karne ya 19 walikwisha kujua kwamba kitu kinachojazwa katikati kinabadilisha uwezo wake. Ukijaza mafuta, kondensateri inaweka chaji mara mbili au tatu zaidi kuliko kukiwa na hewa. Ukijaza maji safi, inaweka karibu mara 80.

Kwa nini maji yapite mafuta kwa kiasi hicho? Maelezo ya wakati ule yalisema kwamba umeme wa vile vipande vya chuma unavuta elektroni za kila molekuli kidogo upande mmoja, na molekuli inakuwa kama imenyooshwa. Maelezo hayo yalifaa kwa vitu vingi. Kwa maji, kwa alkoholi na kwa amonia yalishindwa. Tena kulikuwa na jambo la joto. Ile namba 80 ya maji ni ya digrii 20. Maji yakikaribia kuchemka inashuka hadi kama 55. Kama jambo lote lingekuwa kunyooshwa tu, joto lisingeishusha hivyo.

Jibu la Debye lilikuwa fupi. Alisema kuna molekuli ambazo hazingoji kunyooshwa. Zimezaliwa na upande mmoja wa chanya na mwingine wa hasi, hata kama hakuna umeme wowote karibu. Katika maji yaliyotulia, molekuli hizo zinatazama kila upande bila mpango. Ukiwasha umeme, zinaanza kugeuka na kujipanga, upande wa chanya ukielekea kwenye hasi. Lakini joto ni fujo, linazigongagonga na kuzivuruga. Joto likizidi, mpangilio unapungua. Mfaransa Paul Langevin alikuwa ametumia wazo kama hilo kwa sumaku mwaka 1905. Debye alilileta kwenye umeme.

Kutoka hapo akapata njia ya kupima. Unachukua mvuke wa kitu, unaupima ndani ya kondensateri kwenye joto mbalimbali, kisha unachora majibu kwenye karatasi. Sehemu inayotokana na kunyooshwa haibadiliki kwa joto. Sehemu inayotokana na kugeuka inapungua kadiri joto linavyopanda. Ukichora kwa namna aliyoonyesha, unapata mstari ulionyooka, na mwinamo wa mstari huo unakuambia nguvu ya ncha mbili za molekuli. Hakuna darubini ya wakati ule iliyoweza kuonyesha molekuli ya maji. Yeye aliipima kwa kipimajoto, vipande vya chuma na hesabu.

Dipoli ni nini hasa?

Chukua chaji mbili zinazolingana, moja chanya na moja hasi. Zikikaa mahali pamoja, zinafutana, na aliye nje haoni umeme wowote. Zikitenganishwa kidogo, jumla bado ni sifuri, lakini sasa kuna upande wa chanya na upande wa hasi. Hiyo inaitwa dipoli. Ukizidisha ukubwa wa chaji kwa umbali ulio kati yao, unapata momenti ya dipoli. Wanafizikia wanachora mwelekeo wake kwa mshale unaotoka kwenye hasi kwenda kwenye chanya.

Molekuli ya kweli ina chaji nyingi. Kanuni inabaki ileile: kila chaji inazidishwa kwa mahali ilipo, kisha yote yanajumlishwa kwa kufuata alama na mwelekeo. Wanafunzi wengi wanauliza mahali hapo papimwe kuanzia wapi. Jibu ni kwamba jumla ya chaji ikiwa sifuri, haijalishi. Mitumbwi miwili ikiwa juu ya Lualaba, unaweza kupima ilipo kuanzia Ankoro au kuanzia Kabalo. Namba zitakuwa tofauti, lakini umbali kati ya mtumbwi na mtumbwi ni uleule. Mambo yanabadilika tu pale chaji zisipofutana kabisa. Hapo jibu linategemea mahali ulipoanzia.

Faida kubwa ni kwamba namba hiyo moja inafunua umbo. Molekuli ya gesi ya kaboni tunayoitoa tukipumua ina kaboni katikati na oksijeni mbili pembeni, zote kwenye mstari mmoja. Kila oksijeni inavuta elektroni upande wake kwa nguvu sawa. Ni kama watu wawili wanaovuta mtumbwi mmoja kwa kamba, huyu upande wa kulia na huyu upande wa kushoto: mtumbwi hauendi popote. Momenti yake ni sifuri. Maji yana oksijeni katikati na hidrojeni mbili, lakini hidrojeni hizo hazikai kwenye mstari mmoja. Zimepinda na kufanya pembe ya digrii kama 104.5. Wavutaji wawili wakisimama hivyo, nguvu zao hazifutani zote, na mtumbwi unasogea kati yao. Ndiyo maana maji yana momenti.

Kizio cha kupimia kinaitwa debye, na alama yake ni herufi D. Maji katika mvuke yana debye 1.85. Amonia ina kama 1.47. Gesi ya hidrojeni na klorini ina kama 1.1. Ili kuelewa ukubwa wake, elektroni moja ikitenganishwa na chaji chanya inayolingana nayo kwa umbali wa sehemu moja ya milioni kumi ya milimita, momenti inakuwa debye 4.8. Mwaka 1929 Debye alikusanya kazi hii katika kitabu juu ya molekuli zenye ncha, ambacho wanakemia walikitumia kwa miaka mingi.

Jiwe lililosagwa

Vita vya kwanza vya dunia vilimkuta Göttingen, Ujerumani, alikofika mwaka 1914. Kwa kuwa alikuwa raia wa Uholanzi, inchi isiyoingia vitani, hakupelekwa jeshini. Mwaka 1913 alikuwa amemuoa Mathilde Alberer. Walizaa mtoto wa kiume, ambaye naye alikuja kuwa mwanafizikia, na mtoto wa kike.

Göttingen alifanya kazi na kijana Mswisi aliyeitwa Paul Scherrer. Wakati huo mionzi ya X ilikuwa imeanza kutumiwa kujua mpangilio wa atomu, lakini ilihitaji kipande kizuri cha kristali kisicho na kasoro, na vipande vya namna hiyo ni vigumu kupatikana. Mwaka 1916 wao wawili walionyesha kwamba si lazima. Unaweza kusaga kitu kuwa unga, ukapitisha mionzi, na duara zinazotokea kwenye filamu zinakuwa kama alama ya kidole ya madini hayo.

Njia hiyo ya unga haijazeeka. Maabara za madini zinaitumia leo kutambua spodumeni, jiwe lenye lithiamu ambalo ndilo linalotafutwa Manono. Mchimbaji anaona jiwe la rangi hafifu linalofanana na mengine mengi. Mashine inayotokana na kazi ya Debye na Scherrer ndiyo inayosema kama ni lenyewe au silo.

Chumvi, mawese na betri

Mwaka 1920 Debye alirudi Zurich, safari hii katika shule kuu ya ufundi ya shirikisho. Kutoka hapo, mwaka 1923, yeye na msaidizi wake Erich Hückel walitoa maelezo juu ya chumvi ndani ya maji.

Ukitia chumvi katika kikombe cha maji na kukoroga, inapotea machoni. Ukiitia katika mawese, inakaa chini. Dipoli inatoa sababu. Chumvi imejengwa na ioni, yaani atomu zenye chaji, sodiamu ya chanya na kloridi ya hasi, zinazoshikana kwa nguvu. Molekuli za maji zinazizunguka: zinaelekeza upande wao wa hasi kwa sodiamu na upande wao wa chanya kwa kloridi. Maji yanapunguza mvuto kati ya ioni hizo karibu mara 80, ndiyo ile namba ya kondensateri. Ioni zinaachana na kuelea. Mawese hayana nguvu hiyo, kwa kuwa mikia mirefu ya molekuli zake karibu haina ncha. Kwa sababu hiyohiyo maji na mawese hayachanganyiki. Molekuli za maji zinashikana zenyewe kwa zenyewe na kuyaacha mafuta nje. Sabuni inapatanisha pande mbili kwa sababu molekuli yake ina kichwa chenye chaji kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta.

Debye na Hückel waliongeza jambo. Wengi kabla yao walidhani sehemu tu ya chumvi ndiyo inayoachana ndani ya maji. Wao walisema inaachana yote, lakini kila ioni inatembea ikiwa imezungukwa na wingu la ioni za chaji nyingine, na wingu hilo linaipunguzia mwendo na nguvu. Hesabu yao inafaa zaidi kwa maji yenye chumvi kidogo, na bado ndiyo mlango ambao wanafunzi wote wa somo hili wanaingilia.

Sasa turudi Manono. Ndani ya betri ya simu, ioni za lithiamu zinasafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine kila unapochaji na kila unapotumia. Haziwezi kusafiri katika maji, kwa kuwa lithiamu na maji havipatani. Zinahitaji kimiminiko kingine chenye molekuli za ncha kali, kinachoweza kuachanisha chumvi ya lithiamu na kuzibeba ioni zake. Kimoja kinachotumiwa sana ni ethileni kaboneti, chenye momenti ya karibu debye 5, zaidi ya mara mbili ya maji. Anayetaka kuchagua kimiminiko cha betri anaanza na maswali yaleyale: momenti ya dipoli ni ngapi, na ioni zinazungukwaje? Maswali hayo mawili yaliwekwa mezani na Debye mwaka 1912 na mwaka 1923.

Kazi yake inaonekana hata mahali pasipo na betri. Debye alieleza kwamba umeme ukibadili mwelekeo haraka sana, molekuli zenye ncha zinachelewa kuufuata, na kule kuchelewa kunazaa joto. Hiyo ndiyo kanuni ya jiko la maikrowevu. Ni sababu pia ya mvua kubwa kukata picha za televisheni ya parabola, kwa kuwa matone ya maji yanameza na kutawanya mawimbi yanayoshuka kutoka kwenye setilaiti.

Berlin: heshima na barua

Mwaka 1927 alihamia Leipzig. Katikati ya miaka ya 1930 aliitwa Berlin kuongoza taasisi kubwa ya fizikia ya Kaiser Wilhelm, iliyojengwa kwa msaada wa pesa za Marekani. Hitler alikuwa amekwisha kushika utawala. Maprofesa Wayahudi walikuwa wakifukuzwa kazi tangu mwaka 1933, na wengi walikwisha kukimbia, Einstein akiwa mmoja wao. Debye alikuja wakati wengine wanaondoka. Mwishoni mwa 1936 alipokea Tuzo ya Nobel ya kemia, kwa kazi yake juu ya momenti za dipoli na juu ya mionzi ya X na elektroni katika gesi. Mwaka 1937 akawa mwenyekiti wa Chama cha Fizikia cha Ujerumani.

Mwaka 1938 una mambo mawili yanayofanya watu wasikubaliane juu yake hadi leo. Mwezi wa saba, mwanafizikia Lise Meitner, mwenye asili ya Kiyahudi, alikuwa hatarini Berlin. Wanasayansi wachache walipanga kwa siri kumvusha mpaka hadi Uholanzi, na Mholanzi Dirk Coster ndiye aliyesafiri naye. Debye alikuwa ndani ya siri hiyo tangu mwanzo na alisaidia kuipanga, jambo ambalo lingeweza kumgharimu sana. Miezi michache baadaye, Meitner akiwa salama Sweden, yeye na mpwa wake Otto Frisch ndio walioeleza kwamba kiini cha uraniamu kinaweza kupasuka.

Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka uleule, Debye kama mwenyekiti alituma barua kwa wanachama Wajerumani. Iliwataka waliohesabiwa kuwa Wayahudi kwa sheria za Hitler watoke katika chama. Mwisho wake ulikuwa na salamu ya utawala, ikamtaja Hitler kwa jina. Wanaomtetea wanasema serikali ilikuwa ikisukuma na kwamba chama kilikuwa kimechelewa kuliko vyama vingine. Wanaomlaumu wanajibu kwamba sahihi ni sahihi. Ni wanachama wachache waliobaki ambao barua hiyo iliwahusu, na kila mmoja wao aliipokea nyumbani kwake ikiwa na jina la mshindi wa Nobel.

Uraniamu na safari ya Marekani

Vita vilipoanza mwezi wa tisa mwaka 1939, jeshi la Ujerumani lilitaka taasisi ya Debye kwa ajili ya utafiti wa uraniamu. Aliambiwa achague: achukue uraia wa Ujerumani au aondoke kwenye uongozi. Alikataa uraia. Mwanzoni mwa 1940 akapanda meli kwenda Marekani, kwa mwaliko wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika mji wa Ithaca. Hakujiuzulu; kwa karatasi za Berlin alikuwa likizoni. Mke wake na mtoto wa kiume walikuja Marekani, mtoto wa kike akabaki Berlin.

Wamarekani walisikia kutoka kwake kwamba jeshi limeshika taasisi, na habari hiyo iliongeza hofu kwamba Ujerumani inatafuta bomu. Hapa historia yake inagusa ya kwetu. Barua ya Einstein kwa rais Roosevelt, ya mwezi wa nane mwaka 1939, ilitaja Kongo ya Wabelgiji kama mahali penye uraniamu iliyo muhimu kuliko zote. Ilikuwa ikitoka Shinkolobwe, katika Katanga, jimbo ambalo Manono na Ankoro zilikuwa ndani yake kabla ya kugawanywa mwaka 2015. Wamarekani walitumia uraniamu ya Shinkolobwe katika mabomu yao ya kwanza. Einstein mwenyewe hakumwamini Debye. Aliwapa watu wa Cornell onyo aliloletewa juu yake. Wapelelezi wa Marekani walichunguza, lakini aliruhusiwa kubaki.

Wakati wa vita alifanya kazi juu ya mpira wa kutengenezwa kiwandani, kwa kuwa Wajapani walikuwa wameshika mashamba ya mpira ya Asia. Alipata njia ya kupima ukubwa wa molekuli ndefu kwa kuangalia jinsi zinavyotawanya mwanga. Katika miaka hiyohiyo, Wabelgiji walikuwa wakiwarudisha Wakongo porini kutafuta mpira kwa ajili ya vita.

Mwaka 1946 alikuwa raia wa Marekani. Aliongoza idara ya kemia ya Cornell hadi mwaka 1950, akaendelea na utafiti hata baada ya kustaafu. Alikufa Ithaca tarehe 2 mwezi wa kumi na moja mwaka 1966, akiwa na miaka 82.

Jina linaondolewa, jina linarudi

Kwa miaka 40 hapakuwa na kelele. Mwaka 2006, kitabu cha mwandishi Mholanzi Sybe Rispens kiliileta mbele ya watu ile barua ya 1938. Chuo Kikuu cha Utrecht kiliondoa jina lake kwenye taasisi iliyoitwa Debye, na chuo kikuu cha Maastricht kikajitoa katika tuzo yenye jina lake. Wanasayansi wengi wa Marekani na Uholanzi walipinga, wakisema hukumu imetoka kabla ya uchunguzi.

Serikali ya Uholanzi iliiomba taasisi yake ya historia ya vita ichunguze. Ripoti ilitoka mwaka 2007. Haikumkuta kuwa mfuasi wa chama cha Hitler, lakini ilimwonyesha kama mtu aliyejipatanisha na hali, akiacha kila mara mlango wa pili wazi. Mwaka 2008 tume nyingine ilishauri jina litumiwe tena, na Utrecht ikakubali. Taasisi hiyo, inayotafiti vitu vidogo sana, inaitwa Debye hadi leo.

Mjadala huo uliiacha kazi yake ya kisayansi palepale. Mstari wa mwaka 1912 unanyooka vilevile hata kama aliyeuchora alitia sahihi barua mbaya, na barua haifutiki kwa sababu ya mstari.

Kwa upande wetu, mwaka 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kujenga pamoja kazi ya betri, na katika Lubumbashi kikaanzishwa kituo cha utafiti wa betri kwenye chuo kikuu. Kituo kama hicho kinahitaji vijana wanaojua kusoma alama ya unga wa spodumeni, kuchagua kimiminiko kwa momenti yake, na kuhesabu mwendo wa ioni. Jiwe linaweza kusafiri kutoka Manono bila wao, kwa lori na kwa meli, likiuzwa kwa bei ya jiwe. Mwanafunzi wa kemia wa Ankoro anayefungua jedwali la molekuli na kukuta maji yameandikwa 1.85 D ameshafika kwenye somo la kwanza la kazi hiyo.